Mkeka Ulioanikiwa Dagaa

Wifi yangu Zainabu amekuwa na adabu kwangu tangu siku tulipomzika Mama, mzazi wake na mkwe wangu, na adabu hiyo inanitia hofu. Nikimpa chai anasema asante wifi. Nikimpisha mlangoni anasema samahani wifi. Jana niliunguza maharage, yale maharage ya kumpa mtu ruhusa kabisa ya kunitukana, naye akala mpaka akamaliza, akasema yalikuwa mazuri, Mungu anibariki. Nimejuana na mwanamke huyu tangu sote wawili tukiwa wasichana, na sijawahi kumsikia akiniombea baraka. Mtu mwingine angefurahi. Arobaini imeshasomwa, wageni wametawanyika, majamvi yamerudishwa msikitini, na kesho asubuhi Zainabu anapanda meli kurudi kwake Musoma. Akiondoka na adabu yake hiyo, najua hatakanyaga tena nyumba hii, na hakuna mwingine aliyebaki ambaye ananijua nilivyokuwa. Lakini ili mtu aelewe kwa nini naogopa kusemeshwa vizuri, lazima nieleze mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii, zamani za Mwingereza, kabla ya vita kuu ya pili.

Habari za kwetu sitazieleza, isipokuwa jambo moja. Kwetu maneno matamu yalimwagwa ovyo. Baba yangu, fundi seremala, alikuwa akiingia mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, anauliza, yuko wapi roho yangu, na mimi na mama tunashindana kuitika. Hata paka wetu aliitwa kipenzi. Basi nikakua nikiamini kila nyumba iko hivyo, kwamba mtu anayekupenda anakwambia, na asiyekwambia hakupendi. Na imani hiyo ndiyo niliyoingia nayo Mirongo, hapa Mwanza, nilipoolewa na Shabani, baharia wa stima, nikiwa sijatimiza miaka kumi na saba. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha mama mkwe. Jiko lilikuwa uani. Mlangoni mwa jiko palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda palikuwa na Mama. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mfupi, mikono mikubwa, na kutoka pale alipokaa aliuona mlango wa uani, mlango wa chumba changu, na kipande cha ziwa katikati ya mawe. Asubuhi ya kwanza nilipiga magoti mbele yake nikasema shikamoo Mama. Akasema marahaba, umelala mpaka saa hizi? Jua lilikuwa bado halijagusa bati.

Nilikwenda na mkeka. Mama yangu mzazi aliusuka masika nzima, ukindu wa zambarau na mwekundu na kijani, na akaniambia nisiutandike sakafuni mpaka nipate mgeni wa heshima. Nikauweka umekunjwa nyuma ya mlango. Haukupita muda mrefu, siku moja nikarudi kisimani na ndoo kichwani, nikakuta mkeka wangu umetandazwa uani na juu yake dagaa wameanikwa, wabichi, wanang'aa, kutoka pembe hadi pembe. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anavunja kuni. Nilisimama na ndoo inanichuruzikia mgongoni. Nilikuwa na mengi ya kusema na sikusema hata moja, kwa sababu nilikuwa mwali na yeye ni mkwe wangu. Akaniuliza nimesimamia nini, niwafukuze kuku. Kwa hiyo nikashinda mchana kutwa nafukuza kuku wasile dagaa walioanikwa juu ya mkeka wa harusi yangu. Harufu haikutoka. Shabani aliporudi safari akanusa chumba, akacheka, akauliza kama usiku huo analala ziwani tena. Kwa mama yake hakusema neno.

Siku aliyoondoka Shabani kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimetunga maneno kichwani, maneno ya mke kumpa mume anayekwenda kuzunguka ziwa zima, Bukoba, Kisumu, kote huko. Nilijipaka mafuta, nikavaa kanga mpya. Alipotoka chumbani na sanduku lake la bati, Mama akaanza pale pale kwenye kigoda. "Nenda, nenda tu. Bati hujaligonga. Mvua ikinyesha mimi nitalala na sufuria kichwani. Mwanamume mzima unakimbilia maji kama bata." Niliona aibu kwa niaba yake. Shabani akasema tu, nikirudi Mama. Mama akajibu kwamba akirudi atakuta mtu ameshaoza. Nikasogea ili niseme ya kwangu, na kabla sijafungua mdomo Mama akaniita jikoni kwa ukali, chungu kinaungua. Chungu hakikuwa kinaungua. Niliporudi mbio Shabani alikuwa ameshafika mlango wa uani. Akageuka, akaniangalia kidogo, akasema nijifunze kusonga ugali, ule wa jana ulikuwa na madonge. Akaenda. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo mpaka stima iliporudi, na nililia jikoni kwa kisingizio cha moshi.

Hofu ilianza hapo. Mtaani kwetu kulikuwa na msichana aliyerudishwa kwao kabla hina haijafutika miguuni, kwa sababu mkwe hakumtaka, na nilijua jinsi baba yake alivyokuwa akipita njia za nyuma kwenda msikitini. Nikaanza kupima kila neno. Mama akiniambia uji mzito, nawaza: huu ndio mwanzo wa kurudishwa. Siku moja nilikuwa chumbani napepeta mchele, nikasikia mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, jirani yetu, amekuja kuomba ndimu. Akamwambia Mama kwamba amepata mkamwana mzuri, mpole, ana adabu. Nikasimamisha ungo. Nilitaka kusikia neno moja tu, hata ndiyo ingenitosha. Mama akasema upole wangu utamsaidia nini, nikiwasha kuni natoa moshi kuliko moto, na samaki simjui kichwa wala mkia. Yule jirani akacheka, akachukua ndimu zake. Nilibaki nimeshika ungo na mchele umemwagika magotini, nikijiambia kwamba sasa amelisema mbele za watu, kilichobaki ni siku ya kufungasha.

Aliyenieleza ni Zainabu. Alikuwa rika langu, anangoja kuolewa, mdomo mpana, na yeye pia alinigombeza kila alipopata nafasi. Tulikuwa tunachagua mawe kwenye mchele nikamwuliza kwa nini Mama ananichukia. Akasimamisha mkono. Akachungulia kuona kama kigoda kiko tupu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo. Kwao kisiwani, mtu anayekwenda majini haagwi kwa maneno matamu. Anaachiwa ugomvi, anaachiwa lalamiko ambalo halijaisha, ili moyo wake uvutwe kurudi kulimaliza. Maneno matamu ni ya mtu asiyerudi. Mpaka leo sijui kama ni desturi ya Wakerewe wote au ya ukoo wao tu. Nimekutana na Wakerewe waliocheka nilipowaeleza. Lakini katika nyumba hii ilikuwa sheria, na Mama aliivunja mara moja. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamenuniana muda mrefu, wakapatana, na asubuhi ile alipokuwa anavuka kwenda Ukerewe Mama akamsindikiza mpaka ufukoni, akamwambia kila kitu ambacho mke anaweza kumwambia mume. Mawimbi yaliuleta mtumbwi. Mwenye mtumbwi hayakumleta.

Nikamwambia Zainabu sawa, Shabani ni mtu wa maji, nimeelewa. Lakini mimi siendi majini, mimi naishia kisimani, kwa nini nami nisisikie neno zuri? Zainabu akaniangalia tumboni. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Shabani. "Mama anasema mwenye mimba yuko majini kuliko baharia," akasema, akaendelea kuchagua mawe.

Basi nikajua. Lakini nawaambia kweli, kujua hakukunishibisha. Mimi nilikuwa nimelelewa kwa maneno matamu na nilikuwa na njaa yake, njaa ya kweli, ya kuamka nayo. Na kadiri tumbo lilivyokua ndivyo Mama alivyozidi. Nikikaa kizingitini nagombezwa, nikila udongo wa ukutani nagombezwa, nikilala ubavu wa kulia nagombezwa kwamba kwa nini si wa kushoto. Kila mara najiuliza: hili ni lile la kunivuta nirudi, au ameudhika kweli? Maana Mama alikuwa na hasira za kweli pia, tena nyingi, na zote zilitoka kwa sauti moja. Siku nyingine aliniachia kichwa cha sato, ambacho katika nyumba ile kilikuwa chake. Nikafurahi, nikala, na kabla sijamaliza akaniuliza kwa nini nanyonya mifupa kama mtoto wa barabarani. Wala sikujua nifurahi au nilie. Nikawa nalala nikipanga kwamba nikishajifungua salama, nikishatoka majini, labda ataniita aniambie. Nilimsubiri mtoto, na nilisubiri na hilo pia, vyote viwili kwa pamoja.

Mkunga ambaye Mama alimwamini alikuwa mdogo wake mwenyewe, tuliyemwita Mama Mdogo, na alikuwa ameolewa Busisi, ng'ambo. Siku zangu zilipokaribia Mama akasema twende huko. Shabani alikuwa safarini. Zainabu akabaki na nyumba. Tukapanda lori mpaka Kigongo, na pale tukavuka kwa mtumbwi mkubwa wa kuvushia watu, na njia nzima Mama ananigombeza. Nimekaa vibaya, nimeegemea upande mmoja, mzito namna hii nitawazamisha watu na mihogo yao. Wapiga makasia walikuwa wakicheka mpaka wanakosea kasia. Nami, ajabu, ndiyo mara ya kwanza nilistarehe. Nilikaa katikati ya mtumbwi nikiangalia maji, nikisema moyoni, endelea Mama, endelea.

Kwa Mama Mdogo nililazwa katika chumba kilichonuka maganda ya machungwa, kwa sababu waliyaanika kwa kuwashia moto. Mama Mdogo alikuwa na tabia ya kuimba akiwa kazini, wimbo usio na maneno, wa puani tu, na uchungu uliponianza aliimba, nikasema kumbe si jambo kubwa. Uchungu ukaenda, ukarudi, ukakucha, ukaendelea. Kisha nikagundua kwamba chumba kimenyamaza. Mama Mdogo alikuwa ameacha kuimba. Akatoka nje, nikawasikia yeye na Mama wanasema Kikerewe chini ya dirisha, haraka haraka, wanakatizana, na mimi niliyekuwa nimeshaanza kukielewa kidogo nilijaribu nisielewe. Waliporudi wakasema nitapelekwa Mwanza, hospitali ya serikali, tuvuke sasa hivi kabla upepo haujachafua maji. Nikabebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka ufukoni. Upepo ulikuwa umeshaanza. Mwenye mtumbwi akasema mgonjwa lazima alale, na kwa hali ile ya maji anaweza kuchukua mwanamke mmoja tu wa kumshika. Aliyefaa ni Mama Mdogo, kwa kuwa ndiye mwenye kazi yake. Mama akasema ndiyo, ni haki. Akakaza kanga yake kiunoni.

Nilikuwa nasubiri anigombeze. Nilikuwa nimegeuza uso upande wake, nasubiri. Aliingia majini mpaka magotini, akanishika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu naye, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Mwanangu Salima," akasema. Mwaka mzima alikuwa ananiita wewe. "Mwanangu Salima, nakupenda. Nilikupenda tangu asubuhi ile uliyopiga magoti. Umenitunza vizuri. Nyumba yangu umeipendezesha. Nenda salama, mama."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayalilia jikoni. Yalikuja yote kwa mara moja, na mwili wangu ukapoa kuanzia pale alipokuwa ameshika mguu mpaka utosini. Nilimwangalia usoni nikaona kwamba ameshanizika. Mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa, mkono wake ukatelezea kidoleni, ukaachia. Niliogopa, tena niliogopa sana, lakini juu ya woga ikaja hasira ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi mwaka ule wote. Nikajiinua kwa kiwiko. Mama Mdogo akanisukuma nilale, nikamtoa mkono.

"Mkeka wangu!" nikapiga kelele. "Mkeka wangu wa harusi umeuanikia dagaa! Mama yangu alisuka masika nzima, wewe ukauanikia dagaa! Nikirudi nataka niukute umeoshwa!"

Wapiga makasia waliacha kupiga. Hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia mkamwana akimpigia mkwe wake kelele, tena hadharani, tena akiwa katika hali ile. Mtumbwi ukayumba. Mama alikuwa amesimama majini, mikono yake mikubwa inaning'inia, mdomo wazi, na kwa muda nikadhani sauti yangu haikufika. Kisha akaokota nguvu kutoka sijui wapi.

"Mkeka wenyewe umesukwa ovyo!" akajibu, na sauti ilikuwa imekatika katikati. "Njoo uuoshe mwenyewe!"

Nikalala. Makasia yakaanza tena, na baada ya kitambo, juu ya kichwa changu, Mama Mdogo naye akaanza kuimba kwa puani.

Kigongo tulipata lori la pamba la Mhindi mmoja wa Usagara. Hakuuliza jambo, aliwaambia vijana wake wapange magunia yawe kitanda, akaendesha mwenyewe polepole, na pale njia ilipokuwa mbaya alikuwa akitoa kichwa dirishani kutuomba radhi. Mtoto alizaliwa hospitali. Alikuwa wa kiume, na alikuwa amechoka. Sina njia nyingine ya kulisema. Alipumua kama mtu aliyetembea kutoka mbali sana. Mama alifika kesho yake, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, na alipoingia hakuniangalia kabisa. Alimpokea mtoto kutoka kwa Mama Mdogo, akaketi sakafuni, akageukia ukutani, akaanza kuzungumza naye. Kitanda changu kilikuwa karibu, nilisikia yote. Alimwambia kwamba ni mzuri. Alimwambia ana vidole vya babu yake aliyepotea majini. Akamtajia mmoja mmoja watu wanaompenda: baba yake aliyeko njiani na stima, shangazi yake Zainabu aliyemchekea tangu tumboni, babu yake seremala aliyekuwa anamchongea kitanda, mama yake aliyelala pale. Akamwambia na yeye bibi yake anampenda, anampenda sana, asiogope, wapo wa kumpokea. Alisema kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini, hakurudia neno, na alipomaliza mtoto alikuwa amekwenda.

Akakaa vile vile ameelekea ukuta. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wake, na najua watu watashangaa, lakini katika saa ile iliyonifilisi, hofu yangu kubwa ilikuwa moja: akigeuka atanisemesha vipi. Nilikuwa na homa. Wauguzi walikuwa wanapita wakinong'onezana. Mtu wa kuniambia kama nitaishi au sitaishi alikuwa yeye, na nilijua nitajua kwa neno la kwanza. Akamfunika mtoto, akampa mdogo wake, akasimama kwa kujishika magoti. Akageuka. Nilikaza macho midomoni mwake.

"Na wewe," akasema, "nywele gani hizo? Watu watasema nimeozesha mwanangu kinyago. Jifunge kitambaa."

Nililia. Nilimlilia mtoto wangu, kilio ambacho hakijaisha mpaka leo, na ndani ya kilio kile, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha. Mama alinifunga kitambaa mwenyewe, kwa kukaza, huku akilalamika kwamba kichwa changu ni kikubwa.

Niliporudi Mirongo nilikuta mkeka uko kwenye kamba uani. Ulikuwa umeoshwa kwa ndimu na majivu, rangi ya zambarau imekimbia, na bado ulinuka dagaa. Shabani alirudi na stima, akapewa habari bandarini, akaja akasimama mlangoni mwa chumba chetu asijue aweke wapi mikono. Alikaa nami siku zote alizopewa, na siku ya kuondoka nilimtangulia mpaka mlango wa uani, nikamwambia aende, aende tu, bati hajaligonga, mwanamume gani huyu. Alinitazama. Kisha akacheka, na nikaona macho yake yamelowa. Tuliishi hivyo miaka mingi, na Mungu akatupa watoto wengine. Shabani alifia nchi kavu, kitandani kwake, na nilipata wasaa wa kumwambia kila kitu.

Na sasa Mama. Alipolala mwaka huu na asiinuke, Zainabu akaja kutoka Musoma, na sisi wawili, vikongwe vya watu, tukawa tunamgombeza kwa zamu. Uji hujamaliza. Blanketi umelitupa makusudi. Ukitusumbua hivi nani atakuogesha. Mwanzoni alikuwa anatujibu, tena kwa makali. Majibu yakapungua. Asubuhi moja nilikuwa nimemfungulia dirisha, Zainabu yuko jikoni, akaniita kwa jina.

"Salima, hujachoka kunigombeza?"

Nikamwambia sijachoka, na uji wa jana uko pale pale.

"Mimi nimechoka kugombezwa, mwanangu."

Nikajifanya sikusikia. Nikakunja kanga, nikaikunjua, nikaikunja tena. Akanyoosha mkono akanishika kidole, akangoja. Nilimwambia mwanao yuko jikoni, mwambie yeye. Akasema Zainabu hawezi. Nilijua ni kweli, na nilijua mimi naweza, na nilichukia kuwa naweza. Mkeka ulikuwa sakafuni kando ya kitanda, ule ule, umetiwa viraka hadi hauna rangi. Nikaketi juu yake, nikamwambia. Nilimwambia Mama nakupenda. Nilimwambia tangu ufukoni Busisi sijawahi kuwa na shaka. Nilimtajia mmoja mmoja watu wanaomngoja, na yule mdogo nikamtaja wa kwanza. Nikamwambia aende salama. Nilipoinua kichwa Zainabu alikuwa mlangoni na bakuli la uji, na sikujua amesimama hapo tangu lini. Mama aliondoka kabla ya adhuhuri. Zainabu aliniuliza ukumbini, kwa sauti kavu, nani alinipa ruhusa ya kumruhusu mama yake. Tangu hapo ndipo ilipoanza asante wifi, samahani wifi.

Hapo niliacha kalamu. Sasa naendelea, na meli imeshaondoka. Asubuhi nilimpikia Zainabu chapati akala, akashukuru. Alipofunga mzigo nilikuwa nazunguka nyumba nzima nikitafuta la kumwambia. Nikimpa maneno mazuri, namzika. Nikimgombeza, ataona nimekosa haya juu ya yale niliyofanya. Mwisho nikamwuliza kwa sauti iliyokuwa haina nguvu, chupa yangu ya chai ameiweka wapi. Akasema ipo mezani, wifi, samahani kama alikosea. Kijana wa mkokoteni akachukua mzigo, Zainabu akamfuata mpaka mlango wa uani, na mimi nilikuwa nimesimama pale kilipokuwa kigoda, nimeshika ukuta, nasikiliza ndala zake.

Ndala zikasimama. Akarudi. Alinipita bila kuniangalia, akaingia chumbani kwa Mama. Nikamsikia anavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili.

"Na mkeka huu!" akasema kutoka ndani. "Miaka yote hii bado unanuka dagaa! Watu wa arobaini wamekalia uvundo, mimi naona aibu, mwenye nyumba yuko tu! Nakuja mfungo mosi, Salima. Nisiukute hivi!"

Akatoka, uso umelowa, akafyonza, akashika njia. Nilimfuata mpaka mlango wa uani. Alikuwa ameshafika barabarani, nyuma ya mkokoteni, anatembea haraka bila kugeuka, na mimi nikapaza sauti mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Njoo uuoshe mwenyewe!"